Habari Isiyosemwa kwa Simu

Jumapili, 5 Januari

Pickering. Theluji kidogo, haijafunika hata nyasi.

Naanza daftari hili nikiwa na hasira, na naliandika kwa Kiswahili kwa sababu moja tu: mwanangu Kyle anakisikia, lakini kukisoma hawezi. Akija Pasaka alikute mezani asiambulie kitu.

Alhamisi daktari alituambia mimi na mume wangu Aleixo kwamba mapafu yake yamejaa makovu na hayatapona. Nikamuuliza, muda gani? Akasema tuhesabu miezi, si miaka. Aleixo alimshukuru kama mtu aliyepewa risiti, akavaa koti, na kwenye lifti akaniambia, "Rosy, Kyle asijue."

Leo baada ya misa Kyle akapiga simu kama kila Jumapili. Mtu aliyeambiwa juzi kwamba anakufa alizungumza na mwanawe dakika arobaini nzima habari za pikipiki za theluji. Eti mwanzoni mwa mwezi wa tatu kiwanda kitaonyesha modeli ya mwaka ujao, ile ya kupandia milima, na watu wote wanabishana watabadilisha nini. Kyle anasema wataweka injini kubwa zaidi. Aleixo anasema injini haitaguswa, watakachogusa ni uzito. Mimi nilikuwa namenya vitunguu. Nilimenya vingi kuliko nilivyohitaji.

Jumatano, 8 Januari

Baridi kali. Wameleta mashine ya oksijeni. Ina ukubwa wa ndoo ya taka na inanguruma mchana kutwa.

Jumapili, 12 Januari

Simu tena, nusu saa. Nieleze kisa, nisije nikajiona mchawi peke yangu.

Aleixo alikuwa fundi wa injini kwenye mashamba ya kahawa Moshi, na tulipohamia huku ng'ambo alifanya kazi miaka ishirini na sita katika kiwanda cha vipuri vya magari. Alitaka Kyle awe injinia. Kyle alisoma mwaka mmoja na nusu, akaacha, akaenda zake magharibi, Revelstoke, mji wa milimani, kutengeneza pikipiki za theluji. Waligombana hapa jikoni ugomvi wa aibu, mpaka jirani akagonga ukuta. Miaka mitatu hawakusemeshana.

Halafu Jumapili moja simu ikalia. Kyle hakusalimu. Alisema tu kuna mlio kwenye giaboksi ya mteja, haelewi unatoka wapi. Baba yake akamwambia asogeze simu karibu na mashine, akasikiliza huku amefumba macho, akasema, "Beringi ya chini." Ikawa beringi ya chini. Tangu siku hiyo, miaka kumi na moja sasa, wanaongea kila Jumapili, na hawajawahi kuongea jambo jingine. Kyle hujibu kwa Kiingereza, baba yake huchanganya, lakini mimi hapa naandika nilivyowasikia.

Kwa usiri wake Aleixo ana sababu mbili. Ya kwanza: "Nikimwambia, Rosy, ataanza kunionea huruma. Itakuwa pole Baba, umekula Baba. Hatutaongea tena." Hiyo nilimwambia ni upuuzi.

Ya pili nilishindwa kuipinga. Habari mbaya haisemwi kwa simu. Pasaka Kyle atakuja, kazi yake ikipungua; atakaa, atakula, kisha tutamwambia. Ndivyo tulivyolelewa. Baba yangu alipofariki Moshi nilikuwa nafundisha Tanga. Simu ilikuwepo ofisini kwa mwalimu mkuu, lakini hakuna aliyeipiga. Alitumwa mjomba Bonaventure kwa basi. Alifika, akanywa chai, akaniuliza habari za darasa langu, ndipo akanishika mkono. Nililia nikiwa nimeshikwa. Mtu hapewi msiba akiwa peke yake na simu sikioni. Hilo naliamini mpaka leo.

Jumapili, 19 Januari

Simu. Mnyororo. Wamebishana juu ya mnyororo tu, ule unaopeleka nguvu ya injini chini.

Jumapili, 26 Januari

Leo Kyle alikatisha maneno yake katikati. "Baba, hiyo sauti ni ya nini?"

Aleixo akanitazama. "Mashine ya kuongeza unyevu. Hewa ya nyumba kavu."

Kyle akasikiliza. "Hiyo ina kompresa ndani. Na inavuta kwa shida. Chujio lake limeziba, mwambie Mama afungue nyuma."

Walipomaliza nikafungua kifuniko cha nyuma. Kweli, chujio lilikuwa kijivu kwa vumbi. Nikaliosha, nikalikausha, nikalirudisha. Mashine ikatulia, na Aleixo akapata rangi usoni ndani ya saa moja. Kijana amemrekebishia baba yake pumzi kutoka umbali wa kilomita elfu tatu, na hajui. Nilikwenda kusimama bafuni mpaka nilipoweza kutoka.

Jumapili, 2 Februari

Wifi yangu Elaine amekuja kutoka North York na chungu cha mchuzi, na ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Huyu mama akiingia nyumbani kwangu hufungua hata kabati la dawa. Alimkuta kaka yake anahema kwa kutoka kitandani hadi kochi, akanivuta jikoni.

"Wifi, Kyle anajua?"

"Atajua Pasaka."

"Mficha maradhi kilio humuumbua. Unalijua hilo kuliko mimi, wewe ulikuwa mwalimu."

Nikamwambia hii ni nyumba yangu na mume wangu. Akasema ni kaka yake pia. Tumeosha vyombo, na kwa jinsi alivyokuwa anavikausha nilidhani atavivunja.

Alhamisi, 6 Februari

Aleixo ameshuka kilo nne.

Alhamisi, 13 Februari

Theluji imeanguka tangu jana, imefika dirishani. Muuguzi hakuweza kuja. Tumehamishia kitanda sebuleni kwa kuwa ngazi hawezi tena.

Mchana kutwa yuko kwenye simu yake, ndani ya lile jukwaa la mtandaoni ambako wapenzi wa mashine hizi hubishana. Mtu amepiga picha ya siri: pikipiki juu ya tela, imefunikwa vibandiko vyeusi na vyeupe ili umbo lisijulikane. Picha yenyewe ina ukungu kama iliyopigwa kupitia soksi. Watu elfu moja wanahesabu skrubu zake. Mmoja anaapa kaona injini mpya. Mwingine anasema mkanda wa mpira wa chini, ule unaochimba theluji, umerefushwa.

Aleixo ameniita. "Njoo uone hapa ubavuni. Pembamba. Lile boksi la mnyororo na mafuta yake haliwezi kuingia hapa. Wametoa mnyororo, Rosy. Wameweka mkanda wenye meno mahali pake. Mwepesi, na hauhitaji mafuta."

"Ndiyo nini sasa?"

"Ndiyo kwamba ukiwa mlimani, theluji kifuani, kilo mbili zinazozunguka ni nzito kuliko kumi zilizolala."

Akaandika hayo jukwaani. Kijana mmoja akamjibu, je, mzee umewahi kupanda hata moja? Aleixo akachapa, kidole kimoja kimoja, pumzi zikimkatika: "Sijawahi. Na daktari aliyemzalisha mama yako naye hajawahi kuzaa." Alicheka mpaka nikamwongezea oksijeni. Nilimtazama akicheka, nikagundua sijakasirika. Nilidhani mashine hizi ni ukuta walioujenga kati yao, baba na mwana. Leo nimeona ni mlango, mwembamba tu, na wote wawili wanene.

Jumapili, 16 Februari

Theluji nyingine. Misa nimeisikiliza redioni. Simu dakika kumi na tano, Aleixo alichoka. Alimwambia Kyle ana mafua.

Jumapili, 23 Februari

Naandika siku hii yote ili nisije nikajidanganya baadaye.

Aleixo alikohoa mwanzo wa simu na hakuweza kuacha. Nikachukua simu. Kyle akaniuliza, "Mama, mafua gani haya ya wiki mbili?"

"Baridi ya mwaka huu mbaya."

"Naweza kuomba siku tano. Nije?"

Aleixo alikuwa ananitazama kutoka kitandani, mkono umeinuliwa, kiganja kinatikisika hapana, hapana. Na mimi nilikuwa na simu sikioni, na mwanangu upande wa pili ameketi kwake, siku hiyo hana kazi, hana haraka, ananiuliza nije. Kitu gani kilinizuia? Nilimwona akilini peke yake kwenye chumba chake cha juu ya gereji, akiipokea habari ile bila mtu wa kumshika. Nikamwona akiingia barabarani saa ileile, kwenye barafu. Nikasema, "Usiharibu kazi yako sasa. Pasaka si mbali."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Aleixo akachukua simu, akamwambia kwa sauti ndogo, "Usukani nimeuandika, sikwambii. Jumatatu ya tarehe tatu tutaona nani fundi." Kyle akacheka. Wakaagana.

Jumatano, 26 Februari

Muuguzi amenivuta pembeni. Amesema kama kuna mtu wa kuitwa, aitwe.

Sikumpigia Kyle. Nilimpigia Winfred, mtoto wa kaka yangu, anayekaa Kelowna, saa tatu kwa gari kutoka Revelstoke. Nikamwambia, nenda kwa Kyle, kaa naye, mle, kisha umwambie, umpandishe ndege wewe mwenyewe. Akasema, "Sawa, shangazi, lakini niko zamu hospitali mpaka Jumatatu. Jumanne asubuhi nitaondoka." Nikasema Jumanne ni sawa. Nilijiona nimefanya jambo la busara, na nikalala mchana.

Jumamosi, 1 Machi

Padri amekuja, amempaka mafuta. Aleixo alimwuliza kama anajua tofauti ya mnyororo na mkanda.

Jumatatu, 3 Machi

Aleixo amefariki leo saa moja asubuhi. Nilikuwa nimekwenda kuchemsha maji. Niliporudi mashine ilikuwa bado inanguruma, na yeye ameacha. Nikaizima. Sikuwahi kujua nyumba hii ina ukimya mkubwa namna ile.

Elaine alifika saa mbili na nusu, amevaa viatu visivyofanana. Nikampigia Winfred. Kwao kulikuwa bado alfajiri. Akasema ataacha zamu aondoke saa hiyohiyo. Akaniomba, "Shangazi, usimpigie. Niache nifike." Kana kwamba ningempigia. Lakini barabara ya milimani ilikuwa imefungwa, wanaangusha theluji kwa mizinga kabla haijajiangusha yenyewe, na Winfred akakaa kwenye foleni ya magari masaa mawili.

Saa sita mchana kiwanda kikaonyesha mashine yake. Nilikuwa nimesahau. Saa saba simu ya nyumbani ikalia, nikaishika nikidhani ni watu wa mazishi.

"Mama, Baba yuko wapi? Hashiki simu yake."

Nikasema, "Amelala."

"Basi muache. Mama, wameonyesha. Mzee alikuwa sahihi. Injini ni ileile, hawajaigusa. Wametoa mnyororo, wameweka mkanda. Kule jukwaani watu kimya, hakuna anayesema."

Nikasikia mngurumo nyuma yake. "Uko wapi?"

"Barabarani. Nina pikipiki mbili kwenye tela, nampelekea mteja. Pana barafu kidogo, naenda polepole."

Nilijua la kufanya, au nilidhani najua: asiambiwe, aendelee, afike salama, Winfred amkute. Lakini Kyle hakutaka kukata simu. Alikuwa na furaha, na hakuwa na mtu wa kumpa.

"Na usukani, Mama? Alisema utakwenda wapi? Jumapili ile alinificha, alisema ameandika."

Nikaingia sebuleni na simu mkononi. Elaine alikuwa anasali rozari. Aliponiona midomo yake ikasimama. Karatasi ilikuwa juu ya meza ndogo, chini ya miwani ya Aleixo, imeandikwa nyuma ya ukurasa wa kalenda wa Januari. Alikuwa amechora mashine nzima kwa penseli, mistari inatetemeka. Nikasoma.

"Ameandika usukani mbele. Inchi mbili."

"Mbele!" Kyle akapiga kelele. "Mbele, inchi mbili na nusu. Mama, anajuaje huyu mtu?"

Nilimsikia anacheka, na baba yake alikuwa hatua mbili kutoka nilipo, amefunikwa shuka mpaka kifuani. Nikamuuliza kwa nini mbele. Nilitaka aendelee kuongea, maana akinyamaza ningelia. Akanieleza kwa utaratibu, kama mimi nilivyokuwa naeleza darasani, kwamba ukipanda mteremko unataka kusimama karibu na pua ya mashine, igeuke chini yako bila kukuvuta. Nikasema eh. Nikasema kumbe. Dakika kumi na mbili nilisema eh na kumbe.

"Nitampigia jioni akiamka," akasema. "Mwambie ameshinda."

"Nitamwambia."

Nikaweka simu, nikamwinamia Aleixo sikioni, nikamwambia, umeshinda. Elaine akaachia kilio, akaja akanishika. Nimemwandika vibaya humu ndani mwanamke huyu. Alikuwa na haki tangu siku ya chungu cha mchuzi.

Saa kumi jioni Kyle akapiga tena. Nilisikia tu pumzi zake, na Winfred kwa nyuma akimwambia, kaa chini, kaa chini. Nikaita jina lake. Simu ikakatika.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Kyle amefika na Winfred. Amenikumbatia kama mtu anavyomkumbatia mgeni. Ameosha gari la baba yake, katika baridi hii.

Ijumaa, 7 Machi

Leo jikoni ameniuliza. Alikuwa amesimama palepale alipogombana na baba yake.

"Uliponisomea ile karatasi, ulikuwa naye chumbani?"

"Nilikuwa naye."

"Alishakufa tangu asubuhi."

"Ulikuwa unaendesha, mwanangu. Kwetu habari mbaya haisemwi..."

"Ningesimama."

Sikuelewa. Akarudia, hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha.

"Ningesimamisha gari, Mama. Ungeniambia simama, ningesimama. Na Januari nilikuwa nimekaa tu. Februari nilikuwa nimekaa kitandani nakuuliza nije."

Nilitaka kumwambia ni baba yake aliyekataza. Ni kweli alikataza. Lakini yeye alikuwa hana pumzi ya kusema, na mdomo ulikuwa wangu. Basi nikamwambia hivyo: "Nilikuwa na nafasi mbili tatu za kukuambia, na nikazipitisha. Baba yako usimlaumu."

Akasema, "Simlaumu yeye." Akatoka nje bila koti.

Jumamosi, 8 Machi

Tumemzika. Ardhi ilikuwa ngumu, walitumia mashine.

Jumatatu, 10 Machi

Kyle ameondoka. Uwanja wa ndege alisema, "Haya." Hilo tu, na kwa Kiswahili.

Jumapili, 16 Machi

Simu haikulia.

Jumapili, 23 Machi

Simu haikulia. Theluji inayeyuka. Chini yake kuna gazeti la Desemba.

Jumapili, 30 Machi

Mvua ya barafu. Simu haikulia. Nilifungua lile jukwaa kwenye simu ya Aleixo. Wameshaanza kubahatisha ya mwaka wa kesho kutwa. Mmoja anauliza yule mzee mbishi yuko wapi. Nikajaribu kumjibu, nikaandika, nikafuta.

Nimefikiri sana juu ya mjomba Bonaventure. Alikuja, ndiyo, alinishika mkono. Lakini alipofika baba alikuwa ameshazikwa siku mbili, na mimi miaka hamsini nimekuwa nikisifu chai tuliyokunywa. Sikuwahi kumuuliza kwa nini hawakupiga simu nikawahi.

Jumapili, 6 Aprili

Simu haikulia. Elaine amekuja. Tumekula kimya, lakini ni kimya cha watu wawili.

Alhamisi, 10 Aprili

Naandika kwa mkono wa kushoto, herufi zinalala.

Juzi theluji ilirudi, na asubuhi yake nilianguka kwenye ngazi za mlangoni. Nilikaa pale chini dakika ishirini hivi, naona magari yanapita, hakuna aliyenitazama. Elaine alinipeleka hospitali. Mkono umevunjika mahali pawili, na wamesema sitaweza kukaa peke yangu mpaka Juni. Elaine akaniuliza kama tumwambie Kyle.

Mdomo wangu uliwahi mbele yangu, ukasema, "Tusimtie wasiwasi. Labda akija siku moja." Elaine alitazama nje tu, na nikajisikia nilivyosema.

Nikamwomba anibonyezee namba. Ililia sana. Alipopokea nikasikia mngurumo, na tela linagongagonga nyuma.

"Mama?" Wiki nne sijaisikia sauti yake.

"Unaendesha?"

"Naendesha."

Nikasema, "Kyle, simamisha gari kwanza. Nina habari, na si nzuri."

Nilisikia taa ya kuashiria kona ikipiga tik tik, kisha magurudumu yakisaga changarawe, kisha injini ikazimwa. Upepo tu.

"Nimesimama, Mama," akasema. "Sema."

Nikamwambia.